PS4 kwenye monita ya VGA

Mdogo wangu uliyeuliza kama PS4 (PlayStation 4, mashine ya gemu) itaonyesha kwenye monita ya zamani yenye tundu la VGA tu, lile la picha la kizamani: itaonyesha, ila usinunue ule waya mtupu wenye HDMI huku na VGA kule. HDMI, tundu ambalo PS4 hutolea picha na sauti, ni dijitali, VGA ni analogi, na waya peke yake haubadilishi chochote. Chukua konveta, kile kiboksi kidogo kinachogeuza HDMI kuwa VGA, chenye tundu la sauti pembeni, kwa sababu VGA haibebi sauti kabisa. Spika unachomeka hapo. Au chomeka hedifoni kwenye pedi ya kuchezea, kisha kwenye mipangilio chagua sauti yote ipite huko. Usiku ndiyo raha yake, hakuna anayelalamika.

Kioo kikibaki cheusi, zima PS4 kabisa, kisha shikilia kitufe cha kuwashia mpaka usikie mlio wa pili. Hapo itawaka kwa Safe Mode, hali ya kurekebisha matatizo. Unganisha pedi kwa waya wa USB, chagua kubadilisha rezolusheni (ukubwa wa picha), anza na 720p. Ikigoma bado, iazimie TV yenye HDMI, ingia kwenye mipangilio ya mfumo uzime HDCP, ule ulinzi wa HDMI dhidi ya kunakili picha. Konveta nyingi za bei rahisi hukwama hapo.