Barua kwa mwanangu: huyo Las Casas wako

Mwanangu,

Ujumbe wako nimeusoma mara mbili, ya pili na miwani. Unauliza Bartolomé de las Casas, padre aliyewatetea wenyeji wa Amerika kwa wafalme wa Hispania huku akishauri waletwe watumwa Waafrika badala yao, ni mtu mwema au mnafiki.

Ngoja nianze na alivyobadilika. Desemba 1511, Santo Domingo, mji wa Wahispania huko Karibi, mtawa Mdominiko Montesinos aliwauliza Wahispania kanisani: hawa si watu? Las Casas naye alikuwa na wenyeji wa kumtumikia. Mdominiko mmoja akamnyima kitubio kwa sababu hiyo. Hakujali. Alipofika Cuba akagawiwa wengine, wamlimie na kumchimbia dhahabu. Mpaka 1514, akiandaa mahubiri ya Pentekoste, ndipo akakuta katika Yoshua bin Sira, kitabu cha Biblia ya Kikatoliki, kwamba anayemnyima kibarua ujira anamwaga damu. Akawaachia. Mnanicheka nikisema sikio linawahi, moyo unachelewa.

Maneno hayo ya bin Sira niliyasoma mimi mwenyewe jumuiya ilipokutana sebuleni kwetu. Dada aliyekulea alikuwa anapitisha chai. Nilikuwa namdai uvumilivu wa miezi minne. Mshahara wake nasema "nakutunzia", na huku umeshakuwa bati za kile chumba cha uani. Nikasoma vizuri, kwa sauti, nikafunga kitabu, nikamwambia aongeze sukari. Wiki ile ile aliondoka alfajiri. Kanga aliyokuwa akikubebea aliikunja akaiweka juu ya ndoo.

Najua, mshahara si meli ya watumwa. Silinganishi. Au labda nalinganisha, sijui.

Baadaye Las Casas aliandika kwamba kuwatumikisha Waafrika ni dhuluma ile ile. Na alipokuwa askofu wa Chiapas, yeye aliyenyimwa kitubio aliwanyima wenzake waliokataa kuwaachia wenyeji. Hapo nampenda. Lakini majuto yake hayakumrudisha Mwafrika hata mmoja kwao, na moyo uliochelewa unawafaa nini waliokwisha kupakiwa melini? Mnafiki, basi? Ulimi unaniwasha nikujibu. Nisubiri kidogo.

Mwaka juzi uliniambia umekutana na dada stendi ya Morogoro, amenenepa, ana duka lake. Hukuniambia kama aliniulizia.

Mama yako