Magego ya mwisho yaliyolala: usiogope sindano, jipange kwa siku ya tatu na kuendelea

Pole dada. Kwa walioingia katikati: mtoa mada ana miaka 24, kazi yake ni kupokea simu za wateja. Picha ya eksirei imeonyesha magego yake mawili ya mwisho ya chini yamelala, yaani yameota kwa kuinama badala ya kusimama, na ufizi wa upande mmoja huvimba, unatulia, unavimba tena. Daktari anataka kuyatoa. Yeye anaogopa sindano, jirani kamwambia atapofuka, na hajui aombe ruhusa ya siku ngapi kazini.

Mimi nauza vitambaa Kariakoo, mdomo ndio mtaji wangu, kwa hiyo hiyo hofu ya kazi naielewa. Nilitolewa magego yote mawili ya chini, kila moja kwa wakati wake. La kwanza lilipita kimya kimya, la pili likanitoa jasho. Kwa nilivyoona, siku ya kupasuliwa ni ndogo sana. Shughuli iko nyumbani, kuanzia siku ya tatu.

La upofu tulimalize. Jicho lina mshipa wake wa fahamu wa kuonea, meno yana wa kwao, na kung'oa gego hakugusi wa jicho. Mshipa wa kuulizia ni mwingine kabisa: ule unaopita ndani ya taya la chini, chini ya mizizi ya magego, na kutokea mbele kuupa hisia mdomo wa chini na kidevu. Mizizi ikiwa imeukaribia sana, unaweza kubaki na ganzi ya mdomo kwa wiki au miezi, na kwa watu wachache haiondoki. Daktari wangu aliinyanyua picha kuelekea dirishani akanionyesha kwa ncha ya kalamu: mistari miwili myeupe hafifu inayoambaa na taya, na mzizi wangu umeishia juu yake kidogo. Na wewe mwombe akuonyeshe hivyo hivyo. Kwa mtu wa simu, hilo ndilo swali la kuuliza kabla ya bei.

Kuna mdau kasema kila mwenye magego ya mwisho ayatoe hata kama hayaumi. Hapana. Uingereza, tangu mwaka 2000, mwongozo wa huduma yao ya afya unasema gego zima lisilo na tatizo liachwe. La kwako lina sababu: ufizi umelifunika nusu, chakula kinaingia chini yake, wadudu wanazaliana, ndiyo maana uvimbe unarudi kila mara. Na yule aliyesema jino lililovimba haling'olewi, ana ukweli wa nusu. Penye usaha ganzi haishiki vizuri, hivyo mara nyingi watasafisha na kutuliza kwanza. Lakini uvimbe ukishuka chini ya ulimi au shingoni, ukashindwa kumeza mate au kupumua vizuri, hapo hakuna kusubiri miadi. Nenda hospitali usiku huo huo.

Siku yenyewe: kama ni ganzi ya sindano tu, kula ushibe kabla, maana baadaye hutakula cha maana. Sindano inauma kama sindano, kisha mdomo unakuwa mzito, unahisi umevimba hadi begani ilhali kwenye kioo uko vilevile. Utasikia kusukumwa na kuvutwa, maumivu hapana, na yakija nyanyua mkono, wanaongeza ganzi. Gego lililolala halivutwi tu kama jino la kawaida. Wanapasua ufizi, wanakwangua mfupa kidogo, mara nyingi wanalikata vipande. Mlio wa jino kupasuka unausikia ndani ya fuvu. Huo ndio ulionishtua, si maumivu. Kisha nyuzi, unapewa gozi, kitambaa laini cha kidonda, uing'ate, unaambiwa unyamaze. Usiparamie bodaboda kurudi nyumbani, tafuta mtu wa kukusindikiza, kamba ya helmeti kwenye shavu lile si rafiki.

Nyumbani kuna jambo moja tu la kulinda: bonge la damu lililoganda kwenye tundu. Hilo ndilo bandeji yako. Gozi ng'ata nusu saa hadi saa nzima bila kuifunua kila dakika kuchungulia. Saa 24 za mwanzo usisukutue, usiteme teme mate, usinyonye kitu kwa mrija, na sigara weka mbali kabisa, kwa siku kadhaa ikiwezekana. Mate yenye rangi ya damu kwenye mto usiku wa kwanza ni kawaida. Damu inayojaa mdomo si kawaida: kunja gozi safi, ng'ata kwa nguvu nusu saa, na isipokoma rudi kwao. Barafu ifunge kwenye kitambaa, weka nje ya shavu kwa vipindi. Dawa ya maumivu kunywa kabla ganzi haijaisha, usingoje maumivu yakuwashe moto. Siku ya pili ndiyo unaanza maji ya vuguvugu yenye chumvi, unayazungusha polepole na kuyaacha yadondoke yenyewe kwenye sinki.

Uvimbe hupanda siku ya pili na ya tatu, halafu unashuka. Mdomo haufunguki vizuri, kijiko kinaingia kwa ubavu. Mie wateja waliniuliza kama nimekabwa na vibaka. Huo usikuogopeshe.

Cha kutazama ni mwelekeo wa maumivu. Yakiwa yanapungua kila siku, hata taratibu, uko sawa. Yakiwa yamepungua, halafu siku ya tatu au ya nne yakarudi kwa kishindo, yakapanda hadi sikioni, vidonge havifui dafu na mdomo unanuka, basi bonge limetoka na mfupa uko wazi. Madaktari wanaita drai soketi. Hiyo ndiyo iliyonipata la pili, na nilikuwa nimefuata kila nilichoambiwa. Inatokea, hasa kwa magego ya chini. Wavutaji sigara wanaipata zaidi, na wanawake wanaotumia vidonge vya uzazi wa mpango vilevile, kwa hiyo mwambie daktari mapema kama unavitumia. Nilirudi kliniki, wakaosha tundu, wakaweka dawa yenye mafuta ya karafuu. Mdomo mzima ukanukia pilau, na kabla sijashuka ngazi maumivu yalikuwa yamelegea. Ila yule aliyeshauri ujaze unga wa karafuu za jikoni, achana naye. Ule ni uchafu ndani ya kidonda, na utakuja kutolewa chembe moja moja. Pombe kali ya kusukutua nayo hivyo hivyo, na kama umeandikiwa metronidazo, dawa ya kuua vijidudu, usiiguse pombe kabisa.

Chakula: uji uliopoa, mtori, mtindi, parachichi, viazi vya kuponda. Wali utakudanganya kwamba ni laini, punje zake zinajua njia ya tundu kuliko ulimi wako. Karanga, bisi na mahindi ya kuchoma subiri wiki kadhaa.

Kazini sasa. Hata kama yatatoka yote mawili siku moja, kumeza utaweza, kuongea mfululizo hutaweza. Omba wiki nzima. Ukipangiwa Alhamisi au Ijumaa, siku mbaya kabisa zitaangukia wikendi, ila uliza kwanza kama kliniki yao inafungua Jumatatu asubuhi, maana ndipo ungewahitaji. Bima nayo uliza kabla, kwa jina la upasuaji wa gego lililolala, kwa sababu bei yake si ya kung'oa jino la kawaida na wengine wanataka kibali kwanza. Na kama una vidonda vya tumbo, pumu au ujauzito, sema kabla hujaandikiwa dawa za maumivu kama ibuprofeni au diklofenaki.