Mita ya sumaku kwenye sola
Ndugu yangu wa Likoni, umeuliza kama mita ya sumaku ya kisima, ile inayopima maji yanayopita bombani kwa nguvu ya sumaku, itamaliza betri ya sola. Ikiwa ni ya nyaya nne (mbili za umeme, mbili za kutoa kipimo), itaimaliza. Koili zake, yaani nyaya zilizozungushwa ili kutoa sumaku, hula umeme muda wote, maji yapite yasipite. Chukulia wati 15: kwa saa 24 ni watisaa 360. Betri ya volti 12, ampea-saa 100, ina watisaa 1,200 ikijaa, na ya asidi usiishushe chini ya nusu. Mawingu ya siku mbili tu, mita imezima. Tafuta ya nyaya mbili, ambayo umeme na kipimo hupita kwenye nyaya zilezile: hata ikivuta miliampea 20 kwa volti 24, haifiki nusu wati. Kifuniko cha nyaya kikaze sana, chumvi ya pwani hii huotesha kutu ya kijani kwenye maungio.