Kaseti za mawaidha za Cairo

Ndugu, umeuliza kama wanaochunguza jamii za Kiislamu huandika chochote zaidi ya siasa na misimamo mikali. Ndiyo, tena kazi nzito. Anza na Charles Hirschkind, aliyetoa kitabu mwaka 2006 kuhusu kaseti za mawaidha jijini Cairo, zile zilizosikika kwenye teksi, madukani na majumbani. Sauti maarufu kuliko zote ilikuwa ya Sheikh Abd al-Hamid Kishk, kipofu, aliyefariki 1996. Kilichonigusa ni kwamba Hirschkind hakuishia kwenye maneno ya sheikh, alilitazama sikio la msikilizaji: anavyonyamaza, anavyoitikia dua, moyo unavyolainika hadi machozi. Kusikiliza kwenyewe ni malezi. Sisi tuliokulia Mombasa, kaseti ikilia dukani tangu asubuhi, tunalijua hilo bila kufundishwa.

Halafu msome Saba Mahmood, mzaliwa wa Pakistani. Kitabu chake cha 2005 kinahusu wanawake wa Cairo wanaofundishana dini misikitini. Aliwasikiliza wakieleza wenyewe maana ya haya na subira, kabla ya kuwahukumu. Ukibanwa na muda, anza na huyu.