Daktari wa meno anajibu: jino la Forodhani, karafuu, meno meusi na popoo

Maswali ya mara hii yametoka Mjini, Wete, Mkoani, Chake na Makunduchi. Mengine nimeyafupisha.

Assalaam alaykum daktari. Mwanangu wa miaka 11 alikuwa akipiga makachu (kuruka baharini) Forodhani, akagongana na mwenzake, jino la mbele likatoka zima na mzizi wake. Wenzake waliliosha bombani wakalifunga kwenye karatasi. Tumefika hospitali baada ya saa tatu, tukaambiwa tumechelewa. Tungefanyaje? (Mama, Malindi)

Waalaykum salaam, mama, na pole. Jino la ukubwani likitoka zima linaweza kurudishwa likashika tena. Kinacholishikisha ni utando mwembamba wa seli hai uliobaki juu ya mzizi. Utando huo ukikauka unakufa, na baada ya dakika 60 hivi nje ya kinywa bila unyevu seli nyingi huwa zimeshakwisha. Kwa hiyo kilichowaponza zaidi ni ile karatasi.

Yakitokea tena, kwa huyu au kwa mtoto wa jirani, lishikeni jino upande wa kutafunia, mzizi usiguswe. Likiwa na mchanga, lisuuzeni sekunde chache tu bila kulisugua. Kisha lirudisheni tunduni pale pale, uso wake ukiwa mbele, mtoto aume kitambaa safi na safari ya hospitali ianze. Wengi huogopa kulirudisha, na siwalaumu. Basi litieni kwenye maziwa, na madukani Mji Mkongwe maziwa ya paketi hayakosekani. Maziwa yakikosekana, mtoto ateme mate kikombeni, jino likae humo. Msilihifadhi ndani ya maji ya bomba, maana yanazipasua seli zile. Na dafu? Naulizwa sana. Majaribio ya maabara yanapingana: yapo yaliyoyaona maji ya dafu bora kuliko maziwa, yapo yaliyokuta ukali wake unazidhuru seli. Mimi nitabaki na maziwa.

Hospitali jino hufungwa kwa waya mwepesi kiasi cha wiki 2, na mara nyingi kiini chake, yaani nyama laini ya ndani yenye mishipa, husafishwa ndani ya muda huo huo. Lakini hayo ni kwa jino la ukubwani tu. La utoto halirudishwi, lisije likaumiza linaloota chini yake.

Kwa mwanao, uliza tena. Mwongozo wa kimataifa wa 2020 hauwafungii mlango waliochelewa: jino hurudishwa hata hivyo, mfupa ukaula mzizi polepole kwa miaka, na muda wote huo likawa limemshikia nafasi mpaka akue.

Sisi Wete jino likiuma tunatia mafuta ya karafuu. Likizidi, tunanunua amoksilini duka la dawa. Kuna ubaya? (Bwana wa Wete)

Karafuu haina ubishi. Sehemu kubwa ya mafuta yake ni yujenoli, na hiyo tukiichanganya na unga wa zinki tunapata kizibo cha muda. Ile harufu inayokupokea mlangoni kwa daktari wa meno ni karafuu. Mwaka 2006 watafiti wa Kuwait walipaka jeli ya karafuu kinywani kabla ya kuchoma sindano, wakailinganisha na benzokeini, dawa ya ganzi ya kupaka. Zote mbili zilipunguza maumivu, na hawakuona tofauti baina yao.

Ila tumia tone moja kwenye pamba, ndani ya tundu la jino, lisifike kwenye ufizi kwani mafuta matupu yanaunguza. Na chupa ikae mbali na watoto. Kiasi cha kijiko kimoja au viwili vya chai kimewahi kumtia mtoto wa miaka 2 kwenye koma.

Amoksilini, ambayo ni antibiotiki, ndiyo tatizo. Jino linapokunyima usingizi, mara nyingi ni kiini kimevimba ndani ya ukuta mgumu. Uvimbe huo hautulizwi na antibiotiki, na Chama cha Madaktari wa Meno cha Marekani kilitoa mwongozo mwaka 2019 kwamba zisitolewe kwa maumivu mengi ya aina hii. Ibuprofeni pamoja na parasetamoli hutuliza vizuri zaidi, kwa asiye na vidonda vya tumbo, maradhi ya figo, pumu wala mimba. Kisha mwone daktari, maana dawa hizo nazo haziponyi jino. Shavu likivimba ukapata homa, au kumeza kukawa kwa tabu, usingoje asubuhi. Nenda hospitali usiku huo huo.

Ramadhani naiogopa dawa ya meno. Mswaki wa mti unatosha? (Dada, Mkoani)

Hukumu ya funga waulize masheikh. Kwa upande wa meno, mswaki wa mti ukitumiwa vizuri unaondoa ukoga, lakini usiutegemee kwa floraidi, madini yanayoimarisha meno. Tumia dawa ya meno baada ya daku, kabla ya adhana, na tena usiku baada ya kumaliza kula kaimati na tende. Teme tu, usisukutue kwa maji mengi, ili floraidi ibaki.

Mwanangu wa miaka 4 ana matundu manne. Daktari hakuziba wala hakung'oa; alipaka dawa tu, sasa matundu yamekuwa meusi tititi. Bibi yake anasema mtoto ameharibiwa. (Mama, Chake Chake)

Mwambie bibi, kwa adabu, weusi huo ni ishara nzuri. Dawa hiyo ni silva daiamini floraidi. Madini ya fedha yaliyomo yanaua bakteria, floraidi inalifanya jino lililolainika ligumu tena. Sehemu iliyooza ndiyo inayogeuka nyeusi, nzima inabaki nyeupe. Haina sindano, haina mashine, na mtoto wa miaka 4 anayepiga kelele anaweza kumalizwa kwa dakika chache. Shirika la Afya Duniani liliiingiza kwenye orodha ya dawa muhimu mwaka 2021. Mara nyingi inarudiwa kila miezi sita, kwa hiyo msiikose miadi.

Ulipaswa kuambiwa habari ya weusi kabla ya kupakwa, ukubali au ukatae. Hapo una haki ya kulalamika.

Tundu likihitaji kuzibwa baadaye, ipo njia ya kukwangua uozo kwa vyombo vya mkono na kuziba kwa glasi ionoma, bila kuchimba kwa mashine. Leo inatumika dunia nzima, nayo ilianzia hapa hapa Tanzania, katikati ya miaka ya 1980. Sijui kwa nini hatujisifu nayo. Ila jino likiwa na jipu, au likimuuma mtoto usiku, kupaka hakutoshi.

Nimeona kwenye simu Wajapani wana dawa ya kuotesha meno. Magego yangu yote yamekwisha. Ningoje? (Mzee, Makunduchi)

Shikamoo mzee. Habari ni ya kweli, ila imekimbizwa. Kuna protini iitwayo USAG-1 inayozuia meno kuota. Watafiti wa Japani waliizima kwa panya na wanyama wadogo waitwao fereti, meno yakaota. Mwaka 2024 walianza kuijaribu kwa watu katika Hospitali ya Chuo Kikuu cha Kyoto, kwa wanaume 30, na hatua hiyo inapima usalama kwanza. Wanaolengwa mwanzo ni watoto waliozaliwa na upungufu wa meno. Usingoje, mzee. Tengeneza meno ya bandia ule nyama yako.

Bibi yangu anakula tambuu tangu ujana, lakini hatii tumbaku. Siku hizi pilipili inamchoma na mdomo haufunguki sawasawa. Ni uzee? (Mjukuu, Jang'ombe)

Si uzee. Popoo yenyewe, ile kokwa inayotafunwa ndani ya tambuu, hata bila tumbaku, ilitajwa na shirika la kimataifa la utafiti wa saratani kuwa inasababisha saratani; tangazo hilo ni la 2003. Kemikali zake zinafanya nyama ya ndani ya mashavu ijae nyuzi ngumu, ndiyo maana mdomo unakaza na pilipili inachoma. Mwambie aingize vidole vyake vitatu, kimoja juu ya kingine, baina ya meno ya mbele. Visipoingia, hali imeshafika mbali.

Ukakamavu huo haurudi nyuma kwa urahisi, na kwa baadhi ya watu hugeuka saratani. Kuacha popoo kunapunguza hatari hata kwa mtu wa umri wake. Najua tambuu ni heshima ya wageni na mazungumzo ya barazani, kwa hiyo msimgombeze. Mpelekeni hospitali ya Mnazi Mmoja wiki hii, aangaliwe mashavu, ulimi na chini ya ulimi. Kikiwapo kidonda kilichozidi wiki 2, au baka jeupe au jekundu, atakatwa kipande kidogo kwa ganzi kikapimwe.