Maswali ya Wasomaji: Kibali cha Masomo Kanada na Nia ya Kubaki

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni mwalimu wa sekondari. Binti yangu, ambaye ni afisa afya katika halmashauri, amepata nafasi ya kusomea shahada ya uzamili katika chuo kikuu cha umma nchini Kanada. Wakala anayetushughulikia ametuambia mambo mawili yanayoninyima usingizi. Kwanza, binti aandike kwamba hana nia yoyote ya kubaki Kanada, ilhali ukweli ni kwamba anatamani kuomba ukaazi wa kudumu akishahitimu. Pili, kwa kuwa akiba yetu haijatosha, wakala atatuwekea fedha kwenye akaunti kwa wiki mbili ili zionekane, kisha atazichukua. Je, ndivyo wafanyavyo watu wote?
Mama mzazi, Iringa

JIBU: Mama, hongera kwa hatua aliyofikia binti yako. Nakusihi msikubali hata moja kati ya hayo mawili, na nitaeleza kwa nini.

Kuhusu nia ya kubaki, sheria ya Kanada haimlazimishi binti yako kuficha kitu. Kifungu cha 22(2) cha Sheria ya Uhamiaji na Ulinzi wa Wakimbizi ya nchi hiyo kinasema kwamba mtu mwenye nia ya kuwa mkaazi wa kudumu hazuiwi kwa sababu hiyo kuingia kwa muda, mradi afisa wa uhamiaji aridhike kwamba ataondoka muda wake ulioruhusiwa utakapokwisha. Kwa hiyo afisa hajiulizi kama binti anatamani kuishi Kanada, bali anajiuliza kama, iwapo milango ya ukaazi itafungwa, atafunga mizigo na kurudi. Hapo ndipo barua yake ya maelezo inapopaswa kujibu kwa vitu vinavyoshikika: kozi hii inaongeza nini juu ya kazi aliyokwisha kuifanya, kwa nini ameichagua huko na si hapa nyumbani, na nini kinamngoja akirudi. Ikiwa mwajiri wake amempa ruhusa ya masomo kwa maandishi, barua hiyo ina uzito kuliko kurasa tatu za ahadi. Si lazima aandike habari za ukaazi wa kudumu mahali ambapo hakuulizwa, lakini asikane kitu kilicho moyoni mwake, na akiulizwa ajibu kweli.

Suala la fedha ni zito zaidi. Tangu tarehe 1 Septemba 2025, mwombaji anayekwenda peke yake nje ya jimbo la Quebec anatakiwa kuonyesha dola za Kanada 22,895 za kujikimu kwa mwaka mmoja, mbali na ada ya mwaka wa kwanza na nauli. Kwa viwango vya ubadilishaji vya hivi karibuni ni karibu shilingi milioni 40 kabla hujagusa ada, nami ninajua maana ya kiasi hicho kwa mshahara wa mwalimu. Lakini hebu iangalie taarifa ya benki kwa jicho la afisa, kwani kwa kawaida huombwa ya miezi minne. Mshahara unaingia mwisho wa mwezi, unatoka kidogo kidogo kwa ada za watoto, umeme na marejesho ya mkopo, salio linashuka hadi elfu themanini. Kisha ghafla, siku kumi kabla ya maombi, mamilioni yanaingia kwa mkupuo kutoka kwa mtu ambaye jina lake halitajwi popote kwenye faili. Afisa hahitaji ushahidi mwingine ili atilie shaka maombi yote.

Fedha halali za familia zetu hutoka sehemu nyingi, na hilo si kosa, mradi kila sehemu ielezwe. Mkiuza kiwanja, ambatanisheni mkataba wa mauziano wenye mihuri pamoja na stakabadhi ya benki inayoonyesha fedha hizo zilipoingia. Mjomba akichangia, aandike barua ya kueleza uhusiano wake na binti, na aambatanishe taarifa ya akaunti yake mwenyewe. Nyaraka zilizoandikwa kwa Kiswahili zitafsiriwe kwa Kiingereza au Kifaransa, na kama mtafsiri hana ithibati rasmi, aape kiapo juu ya tafsiri yake. Ikiwa baada ya yote hayo fedha hazijatimia, ni heri kukiomba chuo kimsogezee nafasi hadi mwaka unaofuata. Vyuo vingi huruhusu.

Sheria hiyohiyo, katika kifungu cha 40, inamfungia kwa miaka mitano mtu aliyetoa maelezo ya uongo au kuficha jambo la msingi, na katika muda huo hawezi hata kuomba ukaazi wa kudumu. Anayefungiwa ni binti yako aliyetia saini fomu, wala si wakala. Isitoshe, anayelipwa kwa kazi hiyo lazima awe mwanasheria aliyeidhinishwa huko au mshauri aliyesajiliwa na chombo kinachosimamia washauri wa uhamiaji wa Kanada, na daftari la majina yao liko wazi kwenye intaneti. Mwombeni namba yake ya usajili leo. Asipokuwa nayo, binti anaweza kujaza maombi mwenyewe: ada ni dola 150, na alama za vidole na picha ni dola 85. Tangu Januari 2026, wanafunzi wa uzamili katika vyuo vya umma hawatakiwi tena kuwa na barua ya uthibitisho ya jimbo, yaani barua ya kuonyesha kwamba mwanafunzi ana nafasi katika idadi iliyotengewa jimbo hilo, kwa hiyo akiambiwa ailipie, akatae.

SWALI: Nilinyimwa viza ya Uingereza miaka miwili iliyopita. Sasa naomba kibali cha masomo Kanada, na rafiki ameniambia nisitaje kwa kuwa ni nchi nyingine. Je, ni sahihi?
Msomaji, Mombasa

JIBU: Si sahihi hata kidogo. Fomu inauliza kama umewahi kunyimwa viza au kibali Kanada au katika nchi nyingine yoyote, na Kanada hubadilishana taarifa za uhamiaji na Uingereza, Marekani, Australia na New Zealand. Kunyimwa viza si hatia na hakukufungii mlango. Andika mwaka, nchi na sababu uliyopewa, kisha eleza kilichobadilika tangu wakati huo.

SWALI: Nasoma Kanada na nafanya kazi ghalani kwa saa 24 kwa wiki. Je, saa hizi zitahesabiwa nikiomba ukaazi wa kudumu kwa njia ya uzoefu wa kazi wa Kanada?
Mwanafunzi, Edmonton

JIBU: Hapana, ndugu yangu, na ni vyema umeuliza mapema. Njia hiyo inahitaji angalau saa 1,560 za kazi yenye ujuzi ndani ya miaka mitatu iliyotangulia maombi, na kazi uliyoifanya ukiwa mwanafunzi wa muda wote haihesabiwi. Kazi ya kubeba na kupanga mizigo haimo katika ngazi zinazokubaliwa hata ukiifanya baada ya kuhitimu. Kinachokupasa ni kuomba kibali cha kazi cha wahitimu ndani ya siku 180 tangu chuo kithibitishe kwamba umemaliza, kisha utafute kazi inayolingana na taaluma yako. Usimlipe mtu anayekuuzia barua ya ajira akidai itakuongezea alama katika mfumo wa kuwapanga waombaji wa ukaazi wa kudumu, kwa kuwa alama hizo zilifutwa tarehe 25 Machi 2025. Angalia pia mtihani wako wa lugha: kwa maombi yaliyowasilishwa tangu Novemba 2024, kibali cha kazi cha wahitimu kinadai matokeo ya Kiingereza au Kifaransa, na IELTS (mtihani wa Kiingereza) ya kitaaluma uliyoitumia kupata udahili haikubaliki. Utahitaji ile ya kawaida (General Training), nayo ni vizuri uifanye kabla hujamaliza muhula wa mwisho.