Futa hiyo slaidi ya kukataza wanga usiku kabla hujaangusha mzee wa watu

Dada, salamu tutapeana baadaye. Umeandika kwamba wiki ijayo unaanza kufundisha lishe, shuleni kwa darasa la tatu na kliniki ya kisukari kwa watu wazima, na kwamba umeandaa somo moja litumike kote. Kisha ukabandika slaidi zako tuzione. Ya tano inasema: "Epuka wanga baada ya saa 12 jioni." Yaani ugali, wali, chapati na wenzao. Mimi niliitamka sentensi hiyo hiyo, kwa sauti nzuri kabisa, mbele ya wazee waliojaa mabenchi, na wakanipigia makofi. Mmoja wa waliopiga makofi aliletwa idara ya dharura siku chache baadaye akiwa hajitambui.

Nilikuwa mtarajali wa lishe hospitali moja ya pwani. Mzee mwenyewe fundi cherehani, mtu wa benchi la mbele, kila unachosema anaandika kwenye daftari. Alikuwa anameza glibenklamaidi, kidonge cha kisukari, asubuhi na jioni. Sikumuuliza. Dawa hiyo nilishaifanyia mtihani na nikafaulu, lakini kichwani mwangu dawa ilikuwa kazi ya daktari na mfamasia, mimi yangu sahani. Mzee akaenda nyumbani akatii. Jioni akameza kidonge kama kawaida, ugali akausogeza pembeni, akala mchicha na kipande cha samaki, akalala.

Kwa wanaopita hapa bila kujua: dawa ya kundi hilo inalisukuma kongosho litoe insulini, ile homoni inayoshusha sukari ya damu, umekula hujakula. Metformini, kidonge kingine cha kisukari, ikiwa peke yake ni nadra kushusha sukari kupita kiasi, sanasana itakuvuruga tumbo. Glibenklamaidi haina huruma, na kwa mzee ambaye figo zimeanza kuchoka, nguvu yake inaweza kukaa mwilini siku nzima. Ukiondoa ugali ukaacha kidonge, sukari inaporomoka mtu akiwa usingizini.

Alfajiri mkewe akamkuta amelowa jasho, anatetemeka, anaongea visivyoeleweka. Na hapo somo langu likamuumiza mara ya pili, kwa sababu muda wote nilikuwa nimehubiri ubaya wa sukari kupanda. Kushuka sikukugusa kabisa. Yule mama alishasomewa daftari lote, kwa hiyo akadhani sukari imepanda. Jirani akaja na soda, mama akamzuia mlangoni: "Watu wa lishe wamekataza." Watu wa lishe ndio mimi. Hospitali kipimo cha sukari kikasoma 2.1 mmol/L. Chini ya 4 tu tayari mtu anatakiwa asaidiwe. Wakamtundikia glukosi, akafumbua macho, akaulizia kofia yake. Ikabidi alazwe kuangaliwa, maana dawa hiyo ikiwa bado mwilini sukari inaweza kushuka tena baada ya kupandishwa. Alipopata nafuu akaniambia, "Mwanangu, mbona nilifuata kila kitu?" Barua ya maelezo niliyoandikishwa haikuniuma kama hilo.

Slaidi zenyewe wala sikuzitunga mimi (najua, najua, kila mtuhumiwa husema hivyo). Kaka mmoja aliyenitangulia alinirushia kwa WhatsApp: "Wapige hizi, wanazipendaga." Zina picha ya brokoli. Brokoli, kwa mzee anayenunua mchicha kwa fungu! Nilipokuja kuzifuatilia nikakuta zimenyofolewa kwenye kurasa za wale wauza programu za siku 21, wenye makoti meupe na biskuti za unga wa lozi. Wateja wao ni vijana wenye vitambi wanaotaka suruali ya harusi iingie. Kijana asiye na ugonjwa wala dawa akilala bila wanga ataamka na njaa, basi. Ila hilo hawaliandiki, litaharibu biashara. Na msimamizi aliyetakiwa kulipitia somo langu aliniuliza kitu kimoja tu, kama nimesaini kitabu cha mahudhurio. Sina kinyongo naye. Kidogo ninacho.

Sheria yangu ni moja na nitairudia mpaka mnichoke: kabla hujamwambia mgonjwa apunguze chochote, jua anatumia dawa gani, saa ngapi, na jana alikula nini. Utasema wako wengi, utawauliza saa ngapi wote? Usianzie mbele. Pita benchi kwa benchi wakiwa wanasubiri, waombe wakuonyeshe pakiti za dawa. Wengi wanazo mkobani pamoja na daftari la kliniki. Wanaochoma insulini na wanaomeza glibenklamaidi au ndugu zake waweke upande mmoja. Hao uwafundishe kwanza kutoruka mlo, na ukitaka kubadili kiasi cha ugali wao, daktari aijue mapema ili dozi iangaliwe pamoja na sahani.

Halafu tazama saa. Hao watu wamekuja bila kula tangu jana usiku kwa ajili ya kipimo. Chapati iko mkobani imefungwa kwenye gazeti, inasubiri ruhusa. Wengine kidonge walishameza saa kumi na moja alfajiri wakiwahi daladala. Wewe unasimama na slaidi saa nzima! Wapimwe, wale, ndipo uongee. Ukiona mtu anakutazama kama hakuoni, jasho linamtiririka chini ya feni, acha somo umpime. Kipimo kikiwa mbali usisubiri: vijiko vitatu vya chai vya sukari kwenye maji, au nusu chupa ya soda ya kawaida (isiyo na sukari haisaidii hapa), rudia kupima baada ya dakika 15, kisha ale mlo kamili. Asiyejitambua usimmiminie kitu mdomoni, mkimbize kwa wahudumu.

Waambie waje na anayewapikia. Niliporuhusiwa kushika kikundi tena nilimwomba mama mmoja akoroge hiyo sukari kwenye glasi mbele ya wote. Akanikazia macho: "Juzi mlisema sukari sumu, leo mnatunywesha?" Tulikaa kwenye swali hilo kuliko somo zima nililoandaa, na sijawahi kuona wazee wamesikiliza vile.

Ukiwa pwani kuna Ramadhani pia. Wengi hawatakwambia kwamba watafunga, wanaogopa kukatazwa. Uliza kwa heshima, mapema, mwezi haujaandama, ili daktari apange dozi na saa za futari na daku. Asiyefaa kufunga aambiwe na daktari wake. Mtarajali usijipe kazi ya ushehe.

Watoto! Ndiyo, uliuliza kuhusu watoto. Usiwabebee slaidi, huenda hata pa kuchomeka waya hapapo. Nenda na dagaa, maharage, nyanya, ndizi na unga kidogo, wapange wenyewe sakafuni, wabishane. Ila usiwaimbishe kwamba sukari ni sumu. Babu wa mmoja wao yuko kwenye kikundi chako cha kliniki, na asubuhi babu akianza kutetemeka, huyo mtoto ndiye atakayetumwa dukani kuleta soda. Abishe kwenda, mwalimu kasema?

Maswali yako ya idadi ya slaidi na rangi ya nguo nimeyaruka, wengine watakujibu. Orodha ya dawa wanazotumia kwenye kikundi chako ukishaipata ibandike hapa, majina ya wagonjwa yatoe, tuipitie pamoja kabla hujaingia. Na posho ya nauli uliyoiulizia mwishoni, mimi yangu bado naidai.